Kasiksi si aibu: udongo wa Bushi na wasomi wanaoudharau

Katika mji wetu wa Bukavu kuna maneno matatu ambayo sisi wenye kusoma tunayatamka bila kufikiri: "pombe ya kienyeji". Tunayatamka na mdomo umepindika kidogo. Pombe ya kweli, kwetu sisi, ni ile ya chupa. Kasiksi, tunasema, "ile njo ya batu ba mu vijiji", ya wazee na wabeba mizigo, ya yule ambaye hana franka za kununua Primus. Ku sherehe ya ubatizo ama ya diploma, bidoni ya kasiksi inawekwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko, na kreti za chupa zinapangwa mbele ili wageni wazione. Hata orodha ya mahari siku hizi inaandikwa kwa hesabu ya kreti, na hakuna anayeuliza ndizi za babu ziko wapi.

Ninaandika kurasa hizi kupinga tabia hiyo. Sitafuti kumfanya mtu yeyote mlevi. Ninataka tujue ni kitu gani tunachokidharau, maana nyuma ya kasiksi kuna udongo wetu, kuna sheria ya ardhi ya mababu, kuna na akili ya vizazi vingi. Tena kitu kinachodharauliwa kinauzwa bei rahisi, na kile tunachokiuza bei rahisi leo ni shamba la migomba lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwanafunzi wetu wa jeografia anaweza kukuambia, bila kukosea, kwamba mzabibu unapenda hali ya hewa ya Mediterania. Atataja Bordeaux na Burgundy. Umwulize sasa juu ya nini udongo wa Walungu ni mwekundu na maharagwe yake ni membamba, naye anakaa huko huko Walungu: atanyamaza. Kosa si la mtoto. Ni la sisi watu wazima tulioamua kwamba elimu ni habari za watu wengine.

Udongo si mmoja

Watu wa mji wanasema "udongo wa Bushi" kama vile ni kitu kimoja. Sivyo. Nchi yetu ilitengenezwa na moto. Volkeno za Virunga ndizo zilizoziba njia ambayo maji ya zamani yalifuata kuelekea kaskazini. Ziwa Kivu likapanda mpaka likapata mlango wake kusini, ku Ruzizi, hapa hapa Bukavu. Na huku kwetu kulikuwa volkeno nyingine zilizozimika zamani sana. Kahuzi, wenye mita 3.308, na ndugu yake Biega ni mashahidi wa moto huo. Mawe ya basalti yaliyotoka humo ndiyo mzazi wa sehemu kubwa ya udongo wetu.

Lakini watoto wa mzazi mmoja hawafanani. Upande wa kaskazini ya Kabare, kuelekea Bushumba na Birava, udongo bado kijana, una nguvu. Upande wa Walungu, kama vile Burhale, basalti ni ya zamani zaidi. Mvua imeosha chakula chake kwa miaka isiyohesabika, na udongo umebaki mzito, wenye asidi nyingi, ukiwa na njaa. Mgomba ni mmea unaokula sana, hasa potasiamu. Kwa hiyo chipukizi kilekile, likipandwa Birava na likipandwa Burhale, halitatoa mkungu mmoja. Ongeza urefu wa nchi: ziwa liko karibu mita 1.460 juu ya bahari, na kutoka ufukoni vilima vinapanda haraka kuelekea baridi. Kule juu mkungu unachelewa kukomaa. Ndizi ndogo, maji kidogo, pombe nyingine. Wanywaji wenyewe wanajua. Siku ya soko wanabishana kasiksi ya wapi inapita ya wapi, na ubishi huo si upuuzi wa walevi. Ni jeografia ambayo hatujaiandika katika daftari.

Tena tusiseme kwamba Mungu peke yake ndiye aliyefanya udongo wa migomba. Watu waliutengeneza. Angalia nyumba ya kizamani mu Bushi: nyumba katikati, migomba inaizunguka. Mbolea ya ngombe, majivu ya jiko, maganda ya bitika na majani makavu, vyote vilirudi chini ya mgomba. Ndiyo maana karibu na nyumba udongo ni mweusi na laini, na ukitembea kidogo tu kwenda mbali unakuta wekundu. Ule weusi ni kazi ya mikono, na zaidi ni mikono ya wamama. Baba alirithi shamba, mwana akaongeza mbolea, mjukuu akakuta udongo ambao babu hakuukuta.

Mgomba ulikuwa sheria

Hapa ndipo wale wanaosema "desturi za kizamani" wanapaswa kusikiliza vizuri. Mu Bushi, mtu aliyetaka ardhi ya kudumu alitoa kalinzi, mara nyingi ngombe, kwa mwami au kwa mkubwa aliyeshika ardhi kwa jina la mwami. Aliyetoa kalinzi aliweza kukaa na kurithisha watoto wake. Mwingine alipewa bwasa tu: alilima kwa muda, maharagwe ama mtama, kisha akarudisha. Na mtu wa bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba. Juu ya nini? Kwa sababu mgomba hauvunwi ukaisha. Unazaa chipukizi, chipukizi linazaa lingine, na aliyepanda anakuwa amesema mbele ya watu wote: mimi siondoki hapa.

Kwa hiyo shamba la migomba lilikuwa hati ya ardhi kabla ya kadastre. Kila jirani aliweza kuisoma, hata asiyejua herufi moja. Na kasiksi iliyotoka katika shamba lile ilikuwa inathibitisha hati hiyo. Ndiyo iliyonywewa wakati wa kupokea wakwe, wa kupatanisha waliogombana na wa kumaliza matanga. Kumpa mtu kasiksi ya shamba lako kulikuwa ni kumwambia una mahali.

Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa paradiso. Wakubwa walidhulumu wanyonge kwa kutumia kalinzi, na mwanamke, aliyefanya kazi nyingi zaidi, hakuandikwa jina mu ardhi ile. Hayo tuyaseme waziwazi na tuyasahihishe. Lakini kilichokuja nyuma hakikusahihisha. Mwaka 1928 wakoloni waliunda Comité National du Kivu, lililopewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa mashamba ya Wazungu. Kisha sheria ya 20 Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa ya Serikali, na ikaahidi kwamba haki za wanavijiji zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka makumi ikapita, amri ile haikutoka. Katika pengo hilo waliingia wenye makaratasi. Vilima vizima vilinunuliwa na watu wa mji waliojua njia za ofisi, na mkulima aliyekuwa na migomba ya babu aliambiwa kwamba migomba si hati. Wengi wa wanunuzi hao walikuwa wasomi. Sasa mnaelewa juu ya nini dharau ya wasomi inanikasirisha: mtu anayecheka kasiksi leo, kesho hatakuwa na haya ya kung'oa mgomba.

Wenzetu wamefanya nini?

Nichukue mfano wa mbali, maana sisi tunaamini zaidi kitu kikitoka ngambo. Kusini mwa Italia, katika mkoa wa Basilicata, kuna mlima unaoitwa Vulture. Ni volkeno iliyozimika, sawa na Kahuzi wetu. Nchi ile ilikuwa maskini. Watu wake wengi walihama kutafuta kazi kaskazini na Marekani. Pale ku mitelemko ya Vulture wanalima zabibu nyeusi inayoitwa Aglianico, ambayo inakomaa kwa kuchelewa sana katika mwaka. Mwaka 1971 Serikali ya Italia ilitambua mvinyo huo kwa sheria: jina Aglianico del Vulture ni la zabibu ile, ku ardhi ile, kwa utaratibu ule. Huko Sicilia, ku mlima Etna ambao bado unatapika moto, sheria kama hiyo ilitoka mwaka 1968. Wakulima wale hawakuona haya kusema kwamba divai yao ina ladha ya majivu na mawe. Wanaiuza kwa sababu ya majivu na mawe.

Mtu atasema: wale ni Wazungu. Haya, twende Cameroun. Pilipili ya Penja inalimwa ku udongo wa volkeno, na mwaka 2013 jina lake lililindwa na OAPI, shirika la Afrika la mali ya akili, pamoja na asali nyeupe ya Oku na kahawa ya Ziama-Macenta ya Guinée. Au tuvuke Ruzizi tu. Kiwanda cha Urwibutso huko Rwanda, kile kile kinachotengeneza Akabanga, kinatia na mvinyo wa ndizi ndani ya chupa zenye jina na lebo. Arusha, Tanzania, nako wanauza mvinyo wa ndizi wa chupa. Ndizi zao hazina akili kupita zetu. Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuficha bidoni nyuma ya nyumba.

Kuna wanaojibu kwamba mgomba si wa asili yetu, ulitoka Asia. Ni kweli, ulitoka Asia, zamani sana. Na mizabibu ya kusini mwa Italia, ingawa mingine ya mwitu ilikuwako, ilistawi na kupata majina mikononi mwa Wagriki waliovuka bahari. Mmea unakuwa wa mahali kwa sababu ya watu waliouchagua, mwaka kwa mwaka, kulingana na udongo wao. Wataalamu wa migomba wanakubali kwamba milima yetu ya Maziwa Makubwa imezalisha jamii za ndizi ambazo hazipatikani Asia. Nshikazi ni ya kwetu. Na tunayo nyingine, Yangambi km 5, yenye jina la kituo cha utafiti cha Kongo. Ni mkulima gani wa Vulture angekuwa na utajiri kama huo akaona haya?

Majibu kwa wapinzani

La kwanza wanasema: kasiksi ni uchafu. Tuangalie basi namna inavyofanywa. Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo lenye joto, zikifunikwa majani ya mgomba, kwa siku chache. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yatoke, zinakamuliwa na kuchujwa. Maji yanaongezwa kwa kipimo, kisha unga wa mtama uliokaangwa, halafu chombo kinafunikwa mahali pa joto, siku moja mpaka tatu. Mtama ndio unaosaidia kuchachusha na kutoa rangi na ule uchungu mdogo. Katika utaratibu huo uchafu uko wapi? Uchafu unaingia kama maji ni machafu, kama bidoni ilikuwa ya mafuta, kama mwuzaji ana haraka. Hiyo ni shida ya maji safi na ya vyombo, na inatibiwa kwa kuchemsha maji na kuosha vyombo. Hakuna anayesema tuache kunyonyesha watoto kwa sababu chupa za maziwa zinaweza kuwa chafu.

La pili wanasema: inaleta ulevi. Ulevi upo, na sisi walimu tunaona watoto ambao baba zao wanakunywa minervali. Lakini tusichanganye vitu. Kanyanga, inayopikwa na kutoneshwa, ni kitu kingine, na vile vipakiti vya pombe kali vinavyouzwa ku barabara ni kitu kingine tena. Kasiksi ya desturi ilikuwa na masharti: ilikuwa na wakati wake, ilinywewa pamoja, mbele ya wazee waliokuwa na haki ya kumwambia kijana "basi, imetosha". Aliyevunja masharti hayo ni nani? Ni sisi tuliowaondolea wazee heshima. Tena mtu anayelewa kwa Primus amelewa sawasawa na yule wa kasiksi. Franka zake tu ndizo zimeenda mbali zaidi.

La tatu, ambalo ni zito, wanasema: watu wana njaa, kwa nini ardhi izae pombe? Nawajibu kwamba shamba la migomba halizai pombe tu. Chini yake kuna maharagwe. Majani yake yanafunika udongo mwaka mzima, na katika vilima vyetu vyenye mitelemko mikali hakuna mmea wa chakula unaoshika udongo namna hiyo. Mihogo na mahindi huuacha wazi kwa mvua. Na pesa ya kasiksi ni pesa ya kila wiki. Kwa miaka mingi, tangu Serikali iliposhindwa kutulipa vizuri, wazazi ndio waliobeba walimu kwa ile prime. Mzazi wa kijiji aliitoa wapi? Sehemu kubwa ilitoka mu bidoni. Mwalimu anayecheka kasiksi anacheka mkono uliomlisha.

Na kuhusu chupa ya kiwanda, mwaka 2025 umetufundisha somo. Februari, wakati mji ulipoanguka, kiwanda cha Bralima kiliporwa na kazi ikasimama. Mwezi wa Juni, Heineken, iliyokuwa na kampuni hiyo, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vifaa vyake vya Bukavu na Goma na ikaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Sifurahii hata kidogo. Kazi za watu zilipotea. Nasema tu kwamba kitu kilichoamuliwa mbali kinaweza kuondoka kwa tangazo moja. Mgomba haukutoa tangazo.

Hatari iko mlangoni

Wakati sisi tunacheka, shamba lenyewe linaisha. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilimaliza ngombe, na bila ngombe mbolea inakosekana, udongo mweusi unarudi kuwa mwekundu. Mji unapanda kuelekea Kabare, na mahali palipokuwa migomba panachimbwa matofali. Udongo ukishachomwa kuwa tofali haurudi kuwa udongo. Tena kuna mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka 2001 na ukashuka mpaka kwetu. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na panga lenye maji ya mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa ku mgomba mzima.

Ugonjwa huo una njia za kuuzuia, nazo ni rahisi. Kata ua la dume kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga, mara mkungu unapomaliza kutoa ndizi, maana wadudu wanaingiza ugonjwa kupitia lile ua. Pitisha panga katika moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ukiona shina moja linanyauka, likate chini mapema, usingoje. Wazungu wa mizabibu waliona balaa kubwa kuliko hilo: karne ya 19 mdudu filoksera alimaliza mashamba ya Ulaya. Hawakusema "ni mambo ya kienyeji, yafe". Walipachika mizabibu yao juu ya mizizi ya Marekani na wakaendelea. Walipigania kitu walichokiheshimu.

Tufanye nini?

Nasema mambo manne, na sitaki yabaki mu kitabu hiki.

Walimu wa jeografia na biolojia wa Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi wapeleke wanafunzi ku shamba la migomba walau mara moja kwa mwaka, wachimbe shimo dogo karibu na nyumba na lingine mbali, walinganishe rangi. Hakuna ruhusa ya wizara inayohitajika kwa jambo hilo.

Ushirika wetu wa utamaduni uandike majina ya ndizi zote ambazo wazee bado wanazijua, kila kilima na majina yake, na matumizi yake. INERA ya Mulungu iko hapa karibu. Tuwaombe wataalamu wake watusaidie. Kila mzee anayezikwa anaenda na majina ambayo hayako mahali pengine.

Wabaami na wakubwa wa vijiji watambue migomba kuwa ushahidi wa ardhi wanapoamua kesi, na wakubali jina la mjane na la binti katika shamba hilo. Desturi inayobaki hai ni ile inayokubali kusahihishwa.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Wapishi wazuri wa kasiksi waungane, wakubaliane kipimo cha maji, cha mtama na cha usafi, na waweke ku chupa jina la kilima chao. Na sisi tuinunue kwa bei inayostahili. Siku ya mkutano wa ushirika huu, itolewe mbele ya wageni, juu ya meza, na atakayeimimina aseme imetoka kijiji gani na udongo wake ni wa namna gani. Kama hawezi kusema, basi tumwite mzee mwenye shamba aje aseme mwenyewe, naye apewe kiti cha mbele.